Mashine Isiyojua Kusema "Sijui"

Anayeandika programu za kompyuta haandiki kwa rangi moja. Maneno ya amri humtokea kwa bluu au zambarau, maandishi yaliyo ndani ya alama za kunukuu kwa kijani, namba kwa rangi ya chungwa, na maelezo ya pembeni, ambayo kompyuta huyaruka, kwa kijivu. Rangi hizo haziweki yeye. Huwekwa na programu nyingine inayomsomea anapoandika, ili jicho lake liione mapema nukuu aliyosahau kuifunga au neno aliloliendeleza vibaya. Wahandisi huliita jambo hili upakaji rangi wa sintaksia.

Ili rangi zikae mahali pake, sharti ijulikane kwanza kwamba maandishi yale ni ya lugha gani. Neno moja laweza kuwa amri katika lugha hii na jina la kawaida katika lugha ile. Alama ya reli, yaani #, huanzisha maelezo ya pembeni katika Python. Katika C yaweza kuanzisha amri ya kuingiza faili nyingine. Mashine ikikosea lugha, rangi zote hukosea kwa pamoja, na zinang'aa vilevile kama zilivyong'aa zilipokuwa sahihi. Hakuna rangi ya shaka.

Mimi ni mwalimu wa siasa na habari hizi nimeingizwa nazo na Kibiti. Nitafika huko. Kwanza niseme mashine inavyokisia, maana yote nitakayoyasema baadaye yamekaa juu ya hapo.

Chukua Linguist, programu ambayo mtandao wa GitHub huitumia kutambua lugha za faili zilizohifadhiwa humo. Huanza kwa adabu: hutazama kama mwandishi mwenyewe ameandika ndani ya faili kwamba lugha yake ni hii. Akiwa hakusema, hutazama jina la faili, kisha mstari wa kwanza, kisha herufi za mwisho wa jina, zile zinazofuata nukta. Hapo ndipo shida huanza, kwa sababu herufi hizo hazina mwenyewe mmoja. Faili inayoishia kwa .pl yaweza kuwa ya Perl au ya Prolog, inayoishia kwa.m yaweza kuwa ya Objective-C au ya MATLAB. Basi hutafuta alama za wazi ndani ya maandishi, na zisipotosha, humalizia kwa hesabu za uwezekano: maneno haya yamezoeleka zaidi katika lugha ipi kati ya zile ninazozijua?

Highlight.js, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mrusi Ivan Sagalaev na ambayo leo hupaka rangi katika kurasa nyingi za intaneti, ina njia nyingine inayonichekesha kwa unyofu wake. Usipoiambia lugha, huyasoma maandishi yako kana kwamba ni ya lugha hii, halafu kana kwamba ni ya lugha ile, na hivyo hivyo kwa kila lugha iliyopewa, ikitoa alama kila mara. Yenye alama nyingi ndiyo hutangazwa mshindi. Nayo iko Guesslang, iliyofunzwa kwa faili zaidi ya milioni moja ili itambue lugha zaidi ya 50. Hiyo haihitaji kanuni zilizoandikwa na mtu. Imejitafutia mazoea yenyewe kutokana na mifano iliyolishwa.

Njia ni tofauti, lakini zile zinazokisia zina jambo moja la pamoja: kila moja ina orodha, na jibu hutoka ndani ya orodha. Kura hupigwa, mshindi hupatikana hata kama hakuna mgombea anayefaa. Katika enzi ya chama kimoja, mpiga kura wa Tanzania aliletewa jina moja tu la mgombea urais, na tumelisema sana jambo hilo madarasani. Lakini hata yeye alikuwa na mahali pa kuweka Hapana.

Sasa Kibiti. Niliambatana na wahitimu wawili wa sayansi ya kompyuta kwenda kufundisha kwa siku sita katika shule moja ya sekondari wilayani humo. Wao walifundisha kuandika programu. Mimi nilipewa vipindi vya uraia, na saa zilizobaki nilikaa nyuma ya darasa nikisikiliza. Kompyuta zilikuwa tisa, intaneti ilikuja jioni ikiamua, na wanafunzi walikuwa wa kidato cha pili.

Wahitimu wale walichagua kuanza na Nuru. Msomaji asiyeijua na aitafute: ni lugha ya programu ambayo maneno yake ya msingi ni ya Kiswahili. Mahali ambapo lugha nyingine husema kwa Kiingereza kwamba jambo fulani likitokea fanya hivi, Nuru husema kama, na kinyume chake ni sivyo. Marudio ni wakati. Kuunda kazi ndogo ndani ya programu ni unda, na jibu la kazi hiyo hutolewa kwa rudisha. Kweli ni kweli, uongo ni sikweli, na kitu kisicho na kitu ni tupu. Imejengwa kwa lugha ya Go, kwa hiyo chini yake kuna mashine ileile inayoendesha mambo makubwa ya dunia. Kilichobadilika ni mlango wa kuingilia.

Kuna watakaosema huku ni kuchelewesha watoto, kwamba ajira iko kwenye Python na Java. Nimewasikia, tena baadhi yao ni wenzangu chuoni. Lakini fikirini safari ya mtoto wa delta. Nyumbani, kama ana bahati ya kulelewa na bibi, husikia Kindengereko. Darasa la kwanza hadi la saba husoma kwa Kiswahili. Siku anapoingia kidato cha kwanza hukuta fizikia na hesabu zimehamia Kiingereza, mwezi uleule. Halafu tumletee kompyuta inayodai lugha ya nne, yenye maneno ya Kiingereza yaliyofupishwa hata Mwingereza asiyatambue? Mantiki ya programu ni ngumu peke yake. Si haki mtoto apambane na mlinzi wa lango kabla hajaiona nyumba.

Siku ya tatu binti mmoja aliandika programu ya mpunga. Haikuwa ndefu:

fanya magunia = 6
fanya watu = 9
kama (magunia > watu) {
    andika("Chakula kinatosha")
} sivyo {
    andika("Tutanunua")
}

Hesabu yenyewe aliitoa kwao, ambako gunia moja kwa kila mtu kwa mwaka ndicho kipimo cha nyumba isiyokopa. Programu ilifanya kazi, ikaandika Tutanunua, na darasa likacheka kicheko cha watu wanaoijua hali hiyo. Kisha akaibandika kwenye ukurasa mpya wa programu ya kuandikia ili aipambe na kuihifadhi. Maneno yake yakabadilika rangi bila mpango: sivyo ikapakwa kama jina, kama ikabaki nyeupe, na pembeni chini ya skrini pakatokea jina la lugha ya kigeni ambayo hakuna aliyewahi kuisikia pale darasani.

"Mwalimu," aliuliza, "hii inasema mimi nimeandika nini?"

Mhitimu mmoja akamweleza vizuri kuhusu orodha, akamwambia kwamba Nuru haimo, kwa hiyo mashine imechagua iliyoikaribia. Binti akatafakari.

"Kwa hiyo haijui."

"Haijui."

"Sasa kwa nini isiseme haijui?"

Mhitimu alijaribu kulijibu swali lile kihandisi, na alikuwa sahihi. Mashine nyingi za namna hii humalizia kwa kugawa asilimia 100 miongoni mwa majina zinayoyajua. Lazima zigawe zote. Kitu kigeni kabisa kinaweza kupata asilimia 90 ya jina fulani kwa sababu tu majina mengine yamekaa mbali zaidi, na asilimia 90 ile huonekana machoni pa mtumiaji kama uhakika, ilhali ni ulinganisho tu kati ya waliokuwepo. Kuna njia za kuifunza mashine inyamaze: kuwekewa kiwango ambacho chini yake haitoi jina, au kuongezewa chumba cha mengineyo. Ni kazi, na mtu hufanya kazi hiyo pale tu anapoona kunyamaza kuna faida. Aliyetengeneza bidhaa anajua kwamba mteja hupenda jibu.

Jioni ile intaneti ilipokuja, tulifanya mchezo. Tuliyachukua maandishi yaleyale ya binti, tukayapeleka kwa mashine ya aina nyingine, inayotambua lugha za wanadamu. Hiyo ikasema bila kusita: Kiswahili. Mashine mbili zilitazama maneno yaleyale zikatoa hukumu mbili, na kila moja ilikuwa na hoja kwa mujibu wa orodha yake.

Kijana mmoja, nadhani kwa utundu tu, akaandika sentensi tatu alizozisikia kwa bibi yake, akauliza hizo nazo ni nini. Ni Kiswahili, ikasema tena. Darasa zima lilijua kwamba si Kiswahili.

Hapa niwe makini, maana jambo hili lina historia. Kindengereko ni lugha. Wanaisimu wameipa namba P11 katika mpango wao wa kupanga lugha za Kibantu, jirani na Kirufiji, Kimatumbi na Kingindo, na katika orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha kina herufi zake tatu, ndg. Eva-Marie Ström wa Chuo Kikuu cha Gothenburg alikiandikia tasnifu ya uzamivu iliyotoka mwaka 2013. Hata hivyo, mashine za kutambua lugha hazijifunzi kwa tasnifu. Hujifunza kwa wingi wa maandishi ya mtandaoni. Mfano unaotumika sana, uliotolewa na watafiti wa Facebook chini ya jina la fastText, unatambua lugha 176, na mifano yake ilitoka kwa sehemu kubwa katika Wikipedia na mkusanyiko wa sentensi uitwao Tatoeba. Kiswahili kimo. Lugha isiyo na Wikipedia ingetokea wapi? Basi Kindengereko kikifika mlangoni hupewa joho la jirani yake tajiri.

Madhara yake hayaishii kwa Kindengereko. Mashine hizihizi ndizo hutumwa kukusanya maandishi ya Kiswahili kutoka intaneti nzima ili kufunza mashine kubwa zaidi. Kila kosa la kutambua huingia ghalani pamoja na nafaka. Mwaka 2022 kundi kubwa la watafiti, wakiwemo Waafrika wengi, walichapisha ukaguzi wa makusanyo 205 ya maandishi yaliyozolewa mtandaoni kwa namna hiyo. Angalau makusanyo 15 hayakuwa na maandishi yoyote yanayofaa. Lebo ilikuwa juu ya gunia; ndani mlikuwa na kitu kingine.

Serikali yetu nayo haiihesabu lugha ya bibi. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Zilizofuata, mpaka ile ya 2022, zimeliacha swali hilo. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba uamuzi ule ulikuwa wa busara. Tumeona majirani waliokuwa na takwimu kamili za makabila na wakazitumia kupangana kwenye foleni ya madaraka. Lakini tusijidanganye kwamba kutouliza hakuna gharama. Nchi isiyouliza watu wake wanazungumza nini itapewa jibu na mashine ya mtu mwingine, na jibu lenyewe litakuwa Kiswahili kwa kila mmoja. Wapo watakaolifurahia. Mimi nakifundisha na kukiandika Kiswahili, na sioni fahari ya lugha yangu kuvishwa maiti ya jirani.

Nirudi kwenye Nuru na ile orodha. Wahitimu wangu walipouliza lugha huingiaje katika orodha ya Linguist, walikuta sharti: iwe tayari inatumika kwa upana, katika hazina za watu mbalimbali. Sababu yake inaeleweka, maana bila hivyo kila mwanafunzi angesajili lugha aliyoibuni wikendi. Lakini wanaoanza huona ugumu wake mara moja. Watu hawaitumii lugha kwa sababu vifaa haviitambui, na vifaa haviitambui kwa sababu watu hawaitumii.

Mtumishi wa halmashauri anayesoma hapa ameshalijua jambo hili kwa jina lingine. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 iliweka kiwango cha kaya 250 ili mahali pasajiliwe kuwa kijiji. Katika bonde la Rufiji kiwango cha namna hiyo kilikuja juu ya historia yenye jeraha. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, wakazi wengi wa bondeni walihamishwa kupelekwa sehemu za juu, wakae pamoja, wapate shule na zahanati. Shule zilikuja, sikatai. Ila mashamba yalibaki bondeni, kwenye tope lililoachwa na maji, na mkulima wa Rufiji hakuacha kulifuata. Msimu ukifika alirudi kwenye dungu lake, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, akalinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege kwa miezi. Kwenye daftari alikuwa mkazi wa kijiji fulani. Mwili wake ulikuwa kwingine. Ofisa aliyekwenda kijijini na kukuta nyumba zimefungwa aliandika kwamba watu hawa hawatulii, na hukumu hiyo imewafuata hadi leo katika mazungumzo ya ofisini.

Upande wa delta mambo ni magumu zaidi, na hapa ndipo rangi zinapoacha kuwa jambo la skrini ya mwanafunzi. Delta ya Rufiji ina mikoko ya takriban hekta 53,000, msitu mkubwa kuliko wowote wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Ni hifadhi ya msitu tangu enzi za ukoloni. Ndani ya hifadhi hiyo wanaishi watu, wanavua kamba, wanakata boriti kwa kibali au bila kibali, na wanalima mpunga. Huwezi kuingia humo kwa gari. Unashuka Nyamisati, palepale wanapopandia boti waendao Mafia, unachukua chombo kidogo na kufuata maji yanavyotaka.

Kwa kuwa kuingia ni taabu, delta hutazamwa kutoka juu. Hilo nalo si jipya: mwaka 1915 Waingereza walihitaji ndege kuelekeza mizinga yao dhidi ya Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha ndani ya mikoko, na mabaki yake yalibaki mtoni humo. Leo ni satelaiti. Picha hufika, na mashine huigawa katika vipande vidogo na kukipa kila kimoja lugha yake, kama ninavyopenda kusema: hapa mikoko, hapa maji, hapa udongo wazi, hapa mpunga. Kisha hupaka rangi. Mtaalamu huwa ameionesha mifano michache ya kila aina, nayo huendelea peke yake. Ni kazi ileile ya kupaka sintaksia, tofauti ni kwamba ukurasa sasa ni ardhi.

Ninawaheshimu wanaofanya kazi hiyo, na bila ramani zao msitu ungeliwa kimyakimya. Ukweli ni kwamba mikoko inafyekwa kwa ajili ya mpunga, na mtu yeyote aliyepita mito ya kaskazini ya delta ameona visiki. Tatizo langu ni orodha. Mkulima wa delta hufyeka, hulima kwa miaka kadhaa mpaka magugu na maji ya chumvi yamshinde, kisha huacha, na mahali pengine mikoko hurudi. Shamba linalopumzika, pori linalorudi, na msitu uliokwisha huweza kuonekana kwa satelaiti kuwa kitu kimoja, hasa picha ikipigwa mwezi usiofaa. Zile hali za katikati, ambazo wenyewe wana maneno yake, zisipokuwa kwenye orodha hugawanywa kwa walio karibu. Halafu ramani husafiri bila mkulima. Hufika kwenye semina hotelini, nyekundu imeandikwa uharibifu, na mtu mwenye kalamu huuliza nyekundu hii inaondolewaje. Mazungumzo ya kuwahamisha watu wa delta yamewahi kufikiwa zaidi ya mara moja kwa njia kama hiyo.

Nilimuuliza mzee mmoja wa kata ya Salale kama amewahi kuoneshwa ramani ya namna hiyo. Alisema aliiona, ukutani, kwa mbali. "Walituonesha rangi," alisema, "hawakutuuliza majina."

Kuna jambo jingine ambalo sipendi kulipita. Neno Kibiti lenyewe limo katika maandishi ambayo mashine zinajifunza, na tunajua limeandikwa pamoja na nini. Kati ya mwaka 2015 na 2017 viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa huko mmoja baada ya mwingine, na Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa pamoja eneo la Mkengeni. Novemba 21 ya mwaka huohuo mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa ameripoti mauaji hayo, alichukuliwa akiwa wilayani humo na hajaonekana tena. Maandishi hayo ni ya kweli na sitaki yafutwe. Azory hasa asifutwe. Lakini mashine inayojifunza maana ya neno kwa kutazama majirani zake itajifunza nini kuhusu Kibiti? Vijana wa huko walinieleza kwamba kwa miaka kadhaa ilitosha kutaja wanakotoka ili anayekagua abadilike uso, na kwamba wengine walizoea kusema tu wanatoka Pwani. Aliyewakagua alifanya kama highlight.js: alimsoma kijana yule kwa kila aina aliyoijua, mvuvi, mwanafunzi, mfanyabiashara, mhalifu, akaziongezea alama alama chache za nje, kanzu, ndevu, lafudhi, na mwenye alama nyingi akashinda. Naye hakuwa na chumba cha sijui. Kazi yake haikumpa.

Sasa wanaharakati wataniuliza nataka nini. Nataka mambo madogo, na la kwanza limeshakuwepo ndani ya kompyuta zenyewe. Mwandishi wa msimbo anapoweka maandishi yake kwenye ukurasa, anaruhusiwa kuandika jina la lugha juu yake kwa neno moja, na mashine huacha kukisia. Linguist yenyewe, kama nilivyosema, huanza hapo. Mwenye maandishi akisema, hesabu za uwezekano hukaa kimya. Naomba utaratibu huo utoke skrini uende kata. Ramani ya delta iwe na safu moja iliyojazwa na wanaolima, kwa maneno yao, kabla satelaiti haijamalizia nafasi zilizobaki. Fomu za shule ziwe na mstari wa lugha ya nyumbani, mzazi akitaka kuujaza, bila kuuliza kabila. Na mtu yeyote anayenunua mfumo wa kutambua, uwe wa lugha, wa nyuso au wa ardhi, kwa fedha ya umma, aulize swali la binti wa kidato cha pili kabla hajasaini: huu unaweza kusema haujui? Mwuzaji akicheka, asisaini.

Siku ya sita wanafunzi hawakuingojea orodha ya mtu. Wahitimu waliwaonesha kwamba programu ile ya kuandikia hupokea faili ya kanuni kutoka kwa yeyote, na kwamba kwa Nuru watu walikwisha kutengeneza moja. Lakini wao walitaka kuandika yao, waone inavyokaa. Walijipanga ubaoni, wakataja maneno ya amri moja baada ya jingine, wakabishana kama tupu ipakwe rangi ya namba au ya kweli na sikweli. Binti wa mpunga alitaka sivyo iwe nyekundu. Alipingwa kwamba nyekundu ni ya makosa. Akasema kwenye programu yake sivyo ndiyo sehemu iliyofanya kazi, na kura zikapigwa kwa mikono. Nyekundu ikapita kwa kura 19 dhidi ya 14, wawili wakasema hawajui, na mwandishi wa ubao akawaandika nao.